Kikohozi cha Tatu

Kambini, 4 Machi

Dada,

Baada ya salamu, mimi huku mzima. Hofu na mashaka nimewaachia swala, wao ndio kazi yao.

Barua yako imefika na gari la vyakula, ikinuka vitunguu, na ndani yake karatasi ya maswali ya kifungua mimba wako. Mtoto huyo atakuwa hakimu. Anataka kujua: "Mjomba, ukikutana na mnyama mkali porini unajuaje ni yupi?" Chini yake kitinda mimba amechora mnyama ambaye mpaka sasa sijamtambua, na mimi ndiye mtaalamu.

Basi wasomee hivi, uwaambie ni siri ya kazi. Ukisikia tumbo linanguruma na si lako, huyo ni tembo. Ukisikia seremala anakata mbao kwa msumeno katikati ya pori, ni chui, usiende kumwagiza kabati. Kichaka kikipiga chafya ni faru. Mwambie "afya" ukiwa tayari juu ya mti. Tairi likitoa upepo na wewe hukuja na gari, basi umemsogelea kifutu, yule nyoka mnene mvivu, rudisha mguu ulikoutoa. Na ukisikia wazee wanacheka majini, wanacheka kwa vituo, kama watu walioelewa leo kichekesho cha juzi, hao ni viboko, na usiulize wanacheka nini.

Simba hana dalili. Kama una shaka kwamba ni simba, si simba.

Kazi inaendelea. Natembeza wageni asubuhi na jioni kama kawaida, mimi mbele, nyuma yangu hatua moja mwenzangu Kobe na bunduki, kisha wageni na makofia yao. Tunamwita Kobe kwa mwendo wake, lakini tangu nimjue hajawahi kuchelewa mahali. Mkewe anapika mlango wa pili, milango yetu inatazamana, kwa hiyo usiniulize tena kama nakula.

Simu usipoteze muda nayo, huku ni pambo la mfukoni. Andika.

Mdogo wako wa porini


Nyumbani, 19 Machi

We Kinda,

Umeniletea balaa. Niliwasomea watoto barua yako, na tangu siku hiyo kila tumbo likinguruma mezani wanaingia chini ya meza. Baba yao anasema hawezi kula kwa amani katika nyumba yake.

Hayo si kitu. Kosa langu ni kuipeleka barua kazini. Unajua kazi yetu ya kusahihisha: mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwenye karatasi kwa kalamu, na hairuhusiwi kuruka neno, hata kama ni upuuzi, hata kama ni tusi. Tulikuwa tumechoshwa na kitabu cha mbolea, nikamsomea mwenzangu ya kwako. Fundi wa mitambo akazima mashine ili asikie. Mkubwa wetu alikuja kuuliza mbona kimya, akakuta watu wanafuta machozi. Mwisho wa yote anataka kijitabu, cha watoto, chenye picha. Mchoraji ameshapatikana. Nitumie nyingine, nyingi.

Na uje nyumbani. Msimu uliopita ulisema kazi, huu pia kazi. Kiti cha Baba bado kipo pale mlangoni, hakuna anayekikalia, watoto wanaweka mabegi. Juzi nimekumbuka alivyokuwa akitambua watu kwa nyayo, na majirani wakivua viatu kumjaribu. Fundi saa mzima, amekuwa mchezo wa mtaa. Sijui kwa nini nakuandikia haya, labda kwa sababu barua yako ilinichekesha mpaka nikachoka, na mtu akichoka kucheka huwa anakumbuka marehemu.

Dada yako


Kambini, 6 Aprili

Dada,

Nyingine hizi hapa, mwambie mkubwa wenu mimi ni kisima.

Nyati hutambulikana hivi: ukinusa zizi la ng'ombe, uliza mchungaji yuko wapi. Asipojibu mtu, tafuta mti mnene. Mamba hana sauti wala harufu, yeye anatangazwa na vyura. Wakinyamaza wote kwa pamoja, ujue mwenye nyumba ametoka nje. Fisi ni kama sherehe ya jirani ambayo hukualikwa: kelele zote unazisikia, na unajua kabisa kwamba atakayeliwa si mbuzi peke yake.

Wageni nao ni kipimo kizuri kuliko darubini. Wakisema "aaa" ni twiga. Wakisema "ooo" ni tembo. Wakigombania kupiga picha ni nyani ameshika kofia ya mtu. Lakini wakinyamaza wote, hata yule aliyekuwa akieleza habari za shemeji yake tangu asubuhi, geuka polepole.

Na njia bora kuliko zote ni ya Kobe. Kobe haongei porini, anakohoa. Akikohoa mara moja ni tembo, tunageuza njia. Mara mbili ni nyati, kila mtu nyuma ya mti. Mara tatu ni simba: hapo unasimama, unanyoosha mikono kuwazuia watu, husogezi hata unywele, kwa sababu simba humpenda anayekimbia. Iandikeni hiyo. Kobe atafurahi kuwa kitabuni, ingawa atajifanya hajali.

Nyumbani nitakuja. Wageni wamejaa mno sasa hivi. Baba mwache apumzike.

Mdogo wako


Nyumbani, 22 Aprili

Kinda,

Mchoraji amenijia juu. Amesimama mbele ya meza yangu na penseli sikioni, akasema, "Mama, huyu ndugu yako anaandika vizuri, lakini nichore nini? Nichore harufu? Nichore kikohozi?" Watu wakacheka, ila ana haki. Anataka umwambie pembe za nyati dume zinakutanaje juu ya kichwa na za jike zinakuwaje. Anataka madoa ya chui na madoa ya duma, yanatofautianaje ukiyatazama kwa karibu. Sikio la tembo anapokasirika linakaa vipi. Wewe unawaona kila siku, andika mistari michache tu, asitusumbue.

Habari njema ni hii: likizo ya Agosti nawaleta watoto. Nimeshaomba ruhusa kazini. Wanataka kutembea porini nyuma ya mjomba wao, na kifungua mimba ameanza mazoezi ya kusimama bila kupepesa.

Halafu mwandiko wako umekuwaje? Mistari inapandana kama wachezaji waliofunga bao. Kuna mahali umeandika juu ya ulichokwisha kuandika. Nimesoma barua hii kwa shida, na mimi ninalipwa kusoma miandiko mibaya. Nunua taa.

Dada yako


Kambini, 9 Mei

Dada,

Taa imekwisha mafuta, ndiyo hadithi yote ya mwandiko.

Mchoraji mwambie afungue kitabu cha shule, wanyama wote wamo, na hawajabadilisha sura tangu tuko darasani. Mimi si mpiga picha. Pembe ni pembe. Ukiwa karibu kiasi cha kuona zinakutanaje, huna haja ya kijitabu, una haja ya kaburi.

Watoto usiwalete. Barabara imekatika, tena mvua za mwaka huu zimeleta mbu wa ajabu. Wape salamu.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Mei

Mdogo wangu,

Leo sikuiti Kinda.

Jana zilitoka kurasa zote za kijitabu, nikazitandaza mezani kuzisahihisha. Mwenzangu alishika kalamu, mimi nikasoma kwa sauti kama tufanyavyo. Tembo, chui, faru, kifutu, kiboko, nyati, mamba, fisi. Ukisikia. Ukinusa. Wakinyamaza. Akikohoa. Nilipofika mwisho nikarudi mwanzo, mwenzangu akadhani nimepoteza mstari. Nilikuwa natafuta neno moja. Nilitafuta "ukiona", na katika kijitabu kizima halimo.

Nikakumbuka mistari inayopandana. Nikakumbuka hukumtambua mnyama wa kitinda mimba, na alikuwa ni simba wa kawaida, ana manyoya shingoni kama jua, hata mlevi angemjua. Nikakumbuka Baba, macho yalipoanza kumwisha, alivyosema ameishiwa mafuta ya taa.

Nililia pale pale kwenye kurasa, wino ukachafuka, ikabidi wapige upya.

Niambie ukweli. Kama ni yale ya Baba, yana jina, na hayana aibu. Lakini wewe unatembea mbele ya watu, mdogo wangu. Kuna watu wamekuja na watoto wao, wanakufuata nyuma, wanadhani wewe ndiye macho yao. Mwambie msimamizi wako. Usipomwambia wewe, nitamwandikia mimi. Mficha maradhi kilio humfichua, na hicho kilio huenda kisiwe chako peke yako.

Dada yako


Kambini, 5 Juni

Dada,

Nimekaa na barua yako juani ili niisome. Bado nasoma, nikibandika karatasi puani kwenye jua kali. Imenichukua asubuhi nzima. Kobe alipita akaniuliza nanusa nini.

Ni yale yale. Yalianza pembeni. Nilikuwa nikitazama njia naiona, lakini miti ya kando ikawa haipo. Kisha njia ikawa nyembamba, mpaka leo nachungulia dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na ndani ya bomba kuna ukungu. Mtu akisimama mbele yangu namwona kifungo cha shati. Jua likianza kushuka, hata hicho kifungo hakipo.

Unadhani nilikuwa natunga vichekesho? Nilikuwa nakueleza ninavyoishi. Kila asubuhi ninatoka pale langoni na masikio na pua, na moyo unanipiga kiasi kwamba naogopa wageni watausikia. Halafu nasema neno la kuchekesha, wanacheka, na kicheko chao kinaniambia wako umbali gani. Kobe ndiye macho. Aligundua siku niliyousalimia mti. Hakuniuliza kitu, siku ya pili yake akaanza kukohoa.

Najua unachotaka kusema. Hakuna nisilojiambia mwenyewe. Lakini nikimwambia msimamizi leo, kesho niko kwenye gari la vyakula, na keshokutwa niko pale mlangoni kwenye kiti cha Baba. Wewe uliolewa mapema, hukukaa naye miaka yake ya mwisho. Mimi nilikaa. Nilimwona akiuliza "Nani huyo?" mpaka upepo ukipita. Nilimwona akiwa ameshika saa mkononi, ameishika tu, mpaka jioni. Watu walimpenda, ndiyo, walimpenda kama watu wanavyompenda kasuku. Dada, mimi sina kitu kingine. Sina mke, sina nyumba, sina kisomo. Nina hii njia tu, naijua kwa nyayo.

Niachie nimalize msimu. Mwisho wa Julai wageni wanakwisha, nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, niondoke nikiwa nimesimama. Ukiandika kwa msimamizi kabla ya hapo, hesabu huna mdogo.

Nisamehe kwa hilo la mwisho. Lakini silifuti.

Mdogo wako


Nyumbani, 16 Juni

Kinda wangu,

Barua kwa msimamizi niliiandika siku ileile nilipopata ya kwako. Nikafunga bahasha, nikabandika stempu, nikatembea nayo kwenye mkoba. Kila nikipita posta mkono unaingia mkobani na kutoka mtupu. Jana nimeichana. Nimesimama jikoni nikaichana vipande vidogo, mume wangu akaniuliza ni nini, nikasema ni kazi iliyoharibika.

Sikufanya hivyo kwa sababu una haki. Huna haki. Nimefanya kwa sababu nilifikiria kile kiti, nikakuona umekaa, nikashindwa.

Kwa hiyo nanyamaza mpaka mwisho wa Julai, si siku moja zaidi, kisha naja kukuchukua mimi mwenyewe. Kiti nitakitoa pale mlangoni, nitakichoma moto kama ikibidi. Na sharti langu ni hili: usitoke hata hatua moja bila Kobe. Nimekubali kwa sababu yake yeye. Mwambie ale vizuri. Mwambie avae koti asubuhi, baridi imeanza.

Kijitabu kimetoka, nakutumia vichache, kimoja mpe Kobe. Ukurasa wake ndio watu wanaoupenda kuliko yote. Watoto wangu wanakohoa nyumba nzima, moja, mbili, tatu, wanagandiana ukutani. Jirani ameniuliza kama nimewapeleka hospitali.

Nacheka hapa ninapoandika, na nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo.

Dada yako


Ofisi ya Msimamizi, Kambini
18 Julai

Kwa Dada wa mwongoza wageni wetu,

YAH: AJALI KAZINI

Kwa masikitiko nakujulisha kwamba asubuhi ya tarehe 14 mwezi huu kundi la wageni lililokuwa likiongozwa na mdogo wako lilishambuliwa na nyati. Mdogo wako ni mzima. Mwenzake, mbeba bunduki aliyejulikana hapa kwa jina la Kobe, alifariki papo hapo. Wageni wote wako salama.

Kwa mujibu wa maelezo ya wageni, marehemu, ambaye alikuwa na kifua kwa siku kadhaa, alikohoa mara mbili, kisha kifua kikamzidi, akaendelea kukohoa asiweze kusema wala kushika bunduki sawasawa. Mdogo wako hakukimbia. Alisimama katikati ya njia, akanyoosha mikono kuwazuia wageni, wala hakusogea hata nyati alipokuja moja kwa moja mbele yake. Marehemu alimrukia na kumsukuma kando, na ndipo alipopatwa yeye.

Napenda utambue kwamba ofisi hii inathamini ujasiri wa mdogo wako. Wageni wanasema hawajapata kuona mtu mtulivu namna ile mbele ya hatari. Tangu siku hiyo hatoki chumbani, jambo ambalo tunalielewa. Tumempa mapumziko.

Aidha, wageni wameonyesha kukipenda sana kijitabu chake, hasa ukurasa wa kikohozi. Tungeomba nakala zaidi za kuweka langoni.

Nakupa pole kwa niaba ya wafanyakazi wote.

Msimamizi wa Kambi


Nyumbani, 26 Julai

Mdogo wangu,

Msimamizi wako ameniandikia. Anakusifu. Nimesoma sifa hizo nikaigeuza barua kifudifudi mezani.

Mbili ni nyati, kila mtu nyuma ya mti. Tatu ni simba, simama. Nimeisahihisha mimi, naijua kwa moyo hata koma zake. Alikohoa mbili kwa ajili yako, na kikohozi cha tatu kilikuwa cha kifua chake tu, maradhi ya mtu maskini aliyepaswa kuwa kitandani. Na wewe ukasimama. Ulisimama vizuri kama tulivyowafundisha watoto.

Usijibebeshe peke yako. Mimi nilikuwa na barua mkobani. Ingefika mwezi mmoja kabla. Kobe angekuwa hai leo, angekuwa anajifanya hajali. Niliichana kwa sababu ya kiti. Nimemuua mtu nisiyemjua kwa sababu ya kiti. Majuto ni mjukuu, walisema, lakini hawakusema kwamba mjukuu huyu anakaa nawe chumbani na halali.

Sasa nisikilize. Mke wake asijue kamwe. Amelia kwa ajali, mwache alie kwa ajali, hiyo ataimaliza siku moja. Akijua kwamba mumewe aliongozwa na mtu asiyeona, na kwamba mimi huku nilijua nikanyamaza, huo msiba hautakwisha. Ana mtoto wa kulea. Msimamizi anadhani ulikuwa shujaa, mwache adhani. Nyamaza, kaa ndani, usiseme na mtu. Ruhusa yangu ya Agosti bado ipo, nakuja peke yangu, tunaondoka kimya kimya, na hii tutakufa nayo mimi na wewe.

Barua hii ukishaisoma ichome.

Dada yako


Kambini, 9 Agosti

Dada,

Hunijui. Mimi ni mke wa Kobe. Barua yako imefika, na aliyemsomea ni mimi.

Mdogo wako hasomi tena. Hata akibandika karatasi puani juani anasema anaona maziwa matupu. Tulidhani ni kulia, tukasema yatapita. Mimi ndiye ninayempelekea chakula, kwa kuwa milango yetu inatazamana na kwa kuwa alikuwa rafiki wa mume wangu. Gari lilipoleta bahasha alifurahi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akasema, "Ni dada yangu, shemeji, nisomee. Atakuwa ametuandikia pole, mimi na wewe." Tukakaa kizingitini pangu, nikaanza.

Nilipofika pale ulipoandika mke wake asijue kamwe, alinyoosha mkono aichukue karatasi, akaikosa, akashika hewa. Nikaendelea. Mtu akishaanza kusoma kwa sauti si rahisi kuacha. Nimesoma mpaka mwisho, mpaka pale pa kuichoma, sikuruka neno.

Sikupiga kelele. Nilimuuliza kitu kimoja, kama mume wangu alijua kwamba haoni. Akasema alijua tangu mwanzo. Basi nikaelewa. Asubuhi ile nilimshika mume wangu koti, nikamwambia abaki, kifua kinalia. Akaniambia, "Nikibaki mimi, macho ya watu yatakuwa yamebaki kitandani." Nilidhani ni utani. Nyie wote mlikuwa mkitania. Kijitabu chenu ninacho, alinipa mwenyewe, tuliusoma ule ukurasa wake pamoja tukacheka mpaka chai ikamwagika. Doa lake liko pale.

Sijui nimchukie nani. Nikitaka kumchukia yeye, namwona anapapasa ukuta akitafuta mlango. Nikitaka kukuchukia wewe, sikujui sura. Na mume wangu naye, aliyejua yote asiniambie mimi mkewe, amekufa, hata kugombana naye siwezi.

Msimamizi nimempelekea barua yako aisome. Vijitabu vimeondolewa langoni. Mdogo wako ametakiwa kuhama, lakini hana pa kwenda wala hawezi kwenda mwenyewe. Usiandike tena. Usilete pole, nimeshapewa za kutosha. Njoo umchukue.

Ila uje upesi, kwa sababu hii. Mwanangu ana mafua tangu juzi, yale yale ya baba yake. Kila akikohoa, ndugu yako anasimama palepale alipo, hata kama ni katikati ya uwanja, ananyoosha mikono kuzuia watu ambao hawapo, na hasogei mpaka niende nimshike mkono nimwambie ni mtoto tu.

Leo nimekwenda kila mara. Kesho sijui kama nitakwenda.

Mke wa Kobe